Nakala Bila ya Idhini: Dendy, Ndugu Zake na Suala la Asili

Msomaji aliyezoea kuzifungua kurasa hizi akitafuta tenzi, shairi la tarbia au makala juu ya lahaja zetu, yamkini atashangaa kuona leo tunazungumzia mashine za michezo ya televisheni. Naomba ustahamilivu wake. Kadhia yenyewe ni kongwe katika fani yetu, nayo ni uhusiano baina ya asili na nakala: nani ana haki ya kunakili, nakala hupoteza nini na huhifadhi nini, na ni wakati gani mwigaji hugeuka kuwa mtunzi. Sijapata kuona mfano unaolidhihirisha jambo hili kama zile mashine zisizo na idhini zilizoiga mashine ya Kijapani iitwayo Famicom, zikaenea katika nusu ya dunia kwa majina ya kubandika.

Famicom ilitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai, 1983, kwa bei ya yeni 14,800. Mhandisi aliyeongoza uundaji wake ni Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Lilikuwa ni sanduku dogo la plastiki, jeupe na jekundu, lenye tundu juu la kuchomekea kaseti ya mchezo, na ndani yake mlikuwa na chipu mbili kuu za kampuni ya Ricoh: moja ya kuhesabu na kutoa sauti, na ya pili ya kuchora picha. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 ilibadilishwa umbo na jina, kisha ikatiwa kufuli. Kufuli hilo lilikuwa ni chipu ndogo ndani ya mashine iliyozungumza na chipu mwenziwe ndani ya kaseti, na mbili hizo zisiposikilizana mashine ilikataa kufanya kazi. Ile ya Japani haikuwa na kufuli. Mlango uliachwa wazi, na miongoni mwa walioingia mapema walikuwa mafundi wa Taiwan. Kampuni ya UMC ya huko ilitengeneza chipu za kuigiza zile mbili za Ricoh, na mwenye karakana aliyezinunua aliweza kujiundia Famicom yake bila ya kumuuliza mtu.

Hapa pana jambo ambalo watetezi wa wenye mali hulipita haraka. Chipu ya Ricoh yenyewe imejengwa juu ya umbo la 6502, chipu ya Kimarekani iliyotolewa na MOS Technology mwaka 1975. Katika sehemu yake ya kuhesabu, tofauti iliyo maarufu ni kwamba uwezo wa kuhesabu kwa makumi umezimwa, na wachunguzi wengi wanaamini kuwa sababu ilikuwa ni kuikwepa hataza iliyokuwa juu ya uwezo huo. Sisemi kwamba Wajapani waliiba. Nasema kwamba hiyo asili tunayotakiwa tuistahi nayo ina nasaba yake, na nasaba hiyo haikukosa makunyanzi.

Nakala zilienea kwa njia mbalimbali, na si haki kuzitia zote katika kapu moja. Nchini Brazili kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyolihifadhi soko la vifaa vya kompyuta kwa viwanda vya nchini, hivyo kampuni yenye heshima kama Gradiente iliweza kuuza mashine yake ya Phantom System hadharani. Na mwaka 1993 kampuni hiyo hiyo ikawa mshirika wa Nintendo katika kuuza bidhaa halisi. Poland palikuwa na Pegasus. Afrika ya Kusini watu wa rika fulani hukumbuka Golden China. Huku kwetu Afrika ya Mashariki pia zilifika, zikauzwa pamoja na redio na pasi katika maduka ya vifaa vya umeme, na aghalabu mnunuzi hakujua wala hakujali jina lililoandikwa juu ya sanduku. Lakini niliyoikusudia khasa ni Dendy ya Urusi, kwa kuwa huko ndiko nakala ilikofika mbali zaidi kuliko mahali pengine, hata ikaifuta kumbukumbu ya asili.

Dendy ilianza kuuzwa Disemba 1992, mwaka mmoja tu baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti. Aliyebuni biashara hiyo ni Viktor Savyuk, chini ya kampuni ya Steepler, na mashine zenyewe zilitokana na kazi ya watengenezaji wa Taiwan. Savyuk hakuwa fundi wa chipu. Alikuwa mtu wa matangazo, na alielewa kwamba kitu kisicho na jina hakina soko. Akakipa jina. Akampa kazi mchoraji wa filamu za katuni, Ivan Maximov, naye akamchora tembo mdogo mchangamfu aliyekuja kujulikana na kila mtoto wa nchi ile. Mwaka 1994 kikaanza kipindi cha televisheni kilichoitwa kwa jina la mashine hiyo, kikiongozwa na Sergey Suponev, mtangazaji aliyependwa mno na watoto. Kukawa na gazeti, kukawa na maduka. Katika mwaka huo huo Steepler ilipatana na Nintendo: itauza mashine mpya zaidi ya Nintendo nchini Urusi, na Nintendo nayo haitaisumbua Dendy. Mwenye mali akaketi meza moja na aliyeiga mali yake. Mwaka 1996 Steepler ilianguka, lakini neno lilibaki. Mrusi wa rika lile alipotaka kutaja mashine ya michezo, ya kampuni yoyote, alisema dendy.

Basi mhakiki afanye nini na hali kama hii? Mizani yetu ya kawaida huanza kwa kuuliza nakala imefuata asili kwa kiasi gani. Swali hilo lina maana pale tu ambapo asili inajulikana. Kwa mtoto wa Moscow au Novosibirsk wa mwaka 1993, Dendy haikuwa nakala ya kitu chochote. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mario alizaliwa ndani yake, na muziki wa Mario ulikuwa ule uliotoka ndani yake. Na muziki huo, nitakavyoeleza, haukuwa ule uliotungwa Kyoto.

Wapenzi wa mashairi wataelewa upesi nikianza na mizani. Televisheni za Japani na Marekani za zama zile zilionyesha picha 60 kwa kila sekunde. Za Urusi na sehemu kubwa ya Ulaya zilionyesha 50. Michezo ya Famicom huhesabu wakati kwa picha: kila picha moja ikipita, shujaa hupiga hatua kidogo na muziki husogea kidogo. Ukiuhamishia mchezo kwenye televisheni ya picha 50, mwendo wote hupungua kwa sehemu moja katika sita. Nintendo wenyewe walipotengeneza mashine ya Ulaya waliipunguza pia kasi ya chipu ya kuhesabu, na kwa kuwa kimo cha sauti hutegemea kasi hiyo, wimbo ambao mtunzi hakuurekebisha ulishuka kimo pamoja na kupungua mwendo. Waigaji wa Taiwan hawakufuata njia hiyo. Waliipanga mashine yao iwe na picha 50, lakini wakaiacha chipu ikimbie karibu na kasi ya Kijapani. Natija yake ni kwamba katika Dendy sauti ilibaki karibu kabisa na kimo chake cha asili. Kilichopungua ni mwendo peke yake. Isitoshe, kaseti nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Japani zilifanya kazi sawasawa katika Dendy, ilhali zingeyumba katika mashine rasmi ya Ulaya.

Nimelisoma jambo hili mara kadhaa ili niwe na hakika nalo, maana linapindua dhana tuliyoizoea. Mnakili asiye na idhini aliifahamu kazi aliyoinakili, na katika kuihamisha kutoka bahari moja hadi nyengine alifanya uamuzi wenye busara kuliko mwenye kazi. Mfasiri wa shairi hukabiliwa na mtihani ule ule: ahifadhi mizani au ahifadhi sauti? Huyu alihifadhi sauti.

Kisha kuna kosa, na kosa hili ndilo linalonivutia zaidi. Mashine hii hutoa sauti zake mbili za mbele kwa wimbi la mraba, yaani wimbi linalopanda ghafla, likakaa, kisha likashuka ghafla. Kinachotofautisha rangi moja ya sauti na nyengine ni muda ambao wimbi hukaa juu. Likikaa juu robo ya mzunguko, sauti huwa nyembamba na ya puani kidogo, kama zumari linalosikika kutoka mtaa wa pili. Likikaa juu nusu ya mzunguko, sauti hujaa na kuwa na uwazi ndani yake, ikakaribia filimbi. Mtunzi huchagua. Katika nyingi ya chipu za kuigiza, maagizo haya mawili yalibadilishana nafasi: mtunzi alipoandika robo, mashine ilipiga nusu, alipoandika nusu, mashine ilipiga robo. Lahani haikuguswa. Kila noti ilikuja mahali pake na kwa kimo chake. Kilichogeuka ni ala. Ni sawa na kulisikiliza taarabu ambamo kila mahali pa fidla pamepigwa nai, na kila mahali pa nai pamepigwa fidla, na msikilizaji hajawahi kuusikia wimbo huo kwa namna nyengine.

Wanazuoni wa maandishi ya kale wana neno kwa ajili ya kosa la namna hii. Huliita tas-hifu, nukta inayohama ikaifanya herufi moja kuwa nyengine. Sisi tuliorithi tenzi kwa khati ya Kiarabu tunalijua vyema balaa hilo, kwani mara ngapi wasomi wamegombana juu ya neno moja kwa sababu ya nukta moja? Lakini tas-hifu ya chipu ina sifa ambayo ya kalamu haina. Kosa la mwandishi mmoja hubaki katika nakala yake na za waliomnakili. Kosa la chipu huchapwa katika kila sanduku, sawasawa, bila ya hitilafu, hata likawa ndiyo kanuni. Umma mzima wa watoto ulilelewa na rangi hiyo ya sauti. Wengi wao walipokuja kuusikia muziki wa asili wakiwa watu wazima, waliuona ndio wenye kasoro.

Je, nimwambie mtu huyo kwamba alichokipenda si sahihi? Mimi siwezi. Naweza kumwambia kwamba sicho alichokiandika Koji Kondo wala watunzi wenziwe, na kwamba tofauti hiyo inafaa ijulikane. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mhakiki anayeyachanganya humwonea ama mtunzi ama msikilizaji.

Hadi hapa msomaji atadhani nawatetea waigaji. La. Nawashitaki kwa jambo moja, nalo ni zito kuliko kunakili.

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandika wakati Muyaka mwenyewe amekwisha kufa, na baadaye zikachapwa katika diwani mwaka 1940. Mwalimu Sikujua hakuwa na hati ya idhini. Alikuwa na kitu bora: alisema hizi ni za Muyaka. Adabu ya mnakili katika mila yetu imesimama juu ya nguzo hiyo moja. Unaweza kukosea neno, unaweza kuruka ubeti, lakini jina la mwenyewe huligusi.

Waigaji wa Famicom waligusa majina kwanza. Ukiifungua kaseti ya kuiga ukatazama ukurasa wa mwanzo wa mchezo, mara nyingi utakuta pale palipokuwa na jina la Konami, Capcom au Nintendo pamekwanguliwa, na mwaka wa kutolewa umeondolewa. Mchezo unaanza kama kwamba umeota wenyewe kutoka ardhini. Watunzi wa michezo ile, wengi wao vijana waliokuwa tayari wanafichwa na waajiri wao nyuma ya majina ya utani, walifutwa mara ya pili. Na baada ya kufuta, wakabandika. Mchezo wa Kijapani wa mnyama kakakuona, ambao jina lake la asili ni Armadillo, uliuzwa kama Super Mario IV kwa kubadilisha sura ya shujaa. Mchezo mwengine, uliotokana na katuni za Tiny Toon, ulipachikwa kichwa cha Mario ukaitwa Mario wa sita. Hivyo mtoto aliyependa kazi ya kundi moja la watunzi alifundishwa kuwashukuru watu wengine kabisa.

Kilele cha tabia hii ni ile kaseti iliyodai kuwa na michezo 9999999 ndani yake. Naichukulia kuwa ni kazi ya fasihi, tena mbaya, na ndiyo maana inafaa kuchambuliwa. Mchezaji anafungua orodha: ukurasa baada ya ukurasa wa majina, kila jina na nambari yake. Akianza kucheza anagundua kwamba michezo halisi ni michache, ya kuhesabika kwa vidole. Iliyobaki ni hiyo hiyo, imepewa jina jengine, au inaanzia hatua ya tatu badala ya ya kwanza, au shujaa amepewa roho thalathini badala ya tatu. Tunayo mashairi ya namna hiyo. Beti mia zimepangwa, vina vyote vimetimia, na ukizipima fikra ni nne. Anayehariri gazeti lolote la ushairi hupokea kazi za aina hiyo, nami nakiri kwamba nikizisoma hukumbuka ile orodha.

Hata hivyo, katika soko hilo hilo la udanganyifu palitokea kazi zinazomlazimisha mhakiki asite. Mojawapo ni Somari, mchezo uliotoka Taiwan mwaka 1994. Waliouunda waliuchukua mchezo wa kampuni ya Sega uitwao Sonic the Hedgehog, wa mwaka 1991, ulioandikwa kwa ajili ya mashine yenye nguvu kubwa zaidi, wakauleta katika mashine dogo la 1983, na badala ya Sonic wakamtia Mario. Kisheria, huo ni wizi wa kampuni mbili kwa mkupuo mmoja. Lakini fikiria kazi yenyewe. Programu ya asili haikuweza kunakiliwa, kwa sababu chipu za mashine hizo mbili hazizungumzi lugha moja. Kila mteremko, kila mzunguko, kila noti ya muziki ilibidi iandikwe upya kwa mashine isiyoundwa kwa mwendo ule. Matokeo yake yana dosari: shujaa ni mzito, na kona nyengine zinamnasa. Ila kuna mkono wa fundi ndani yake, na anayeucheza huuhisi.

Sisi tuna takhmisi. Malenga hupokea ubeti wa mwenziwe, akatanguliza vipande vitatu vyake, kisha akauacha ubeti wa asili ufunge kauli, na takhmisi njema humheshimisha yule wa kwanza. Somari ni takhmisi iliyokosa adabu tu. Haikukosa ufundi. Na fundi wake hakuipata hata heshima ya kulaumiwa kwa jina, maana katika biashara ya kufuta majina, wa kwanza kufutwa ni Mjapani na wa pili ni yule aliyemwiga.

Kuna hoja ambayo kila mtu huileta mada hii inapozungumzwa, kwamba bila ya nakala watoto wa nchi maskini wasingecheza kabisa. Hoja hiyo ina ukweli wake. Nintendo haikuwa na duka Urusi wakati Dendy inatolewa, na mtu hawezi kuibiwa mteja ambaye hakumtaka. Lakini nimegundua kwamba hoja ya umaskini hutolewa zaidi na wenye maduka kuliko na maskini. Steepler haikuwa jumuiya ya kheri. Isitoshe, kijana wa Urusi au Poland aliyetaka kuandika mchezo wake mwenyewe kwa ajili ya mashine hiyo, angeuza vipi mbele ya kaseti inayoahidi michezo milioni tisa kwa bei ya mmoja? Waliodhuriwa na nakala hawakuwa Wajapani peke yao. Poland iliwahi kuonyesha kwamba njia nyengine ilikuwepo: Bobmark, kampuni iliyouza Pegasus, ilipata idhini ya michezo ya Codemasters ya Uingereza na kuikusanya katika kaseti moja iitwayo Złota Piątka, michezo mitano kweli, yenye majina yake kweli. Ilipotoka sheria mpya ya hakimiliki nchini humo mwaka 1994, walikuwa angalau na kitu cha halali cha kushika mkononi.

Uchina jambo lilichukua sura nyengine. Kampuni ya Subor ya mkoani Guangdong, chini ya uongozi wa Duan Yongping, iliichukua mashine ile ile, ikaitia kibodi, ikaiita mashine ya kujifunzia, na ikamleta Jackie Chan kuitangaza kwenye televisheni. Mtoto aliweza kujifunza kupiga chapa na kuandika programu ndogo kwa lugha ya BASIC. Na mzazi akitoka chumbani, kaseti ya mchezo ilichomekwa. Mtindo mmoja uliitwa SB-486, nambari iliyomfanya mnunuzi afikirie chipu mpya za Intel za wakati ule, hali ya kuwa ndani yake mlikuwa na mjukuu wa chipu ya mwaka 1975. Jina lilidanganya. Kibodi haikudanganya, na wapo mafundi wa kompyuta wa Kichina wa leo wanaosema hapo ndipo vidole vyao vilipoanza. Duan aliondoka mwaka 1995 akaanzisha BBK, na katika ukoo wa BBK zimetoka simu za Oppo na Vivo ambazo msomaji huenda anayo moja mfukoni.

Kwa mashine zilizokuja baadaye sina huruma. Kadiri miaka ilivyokwenda, chipu zote zilibanwa zikawa moja tu, ikafunikwa kwa tone la utomvu mweusi juu ya kibao, hata fundi hawezi kuitengeneza wala kuona nini kimo ndani. Sauti ikazidi kuharibika na rangi zikapotoka. Maumbo nayo yakawa ya kuhadaa waziwazi: iko mashine iitwayo PolyStation, iliyofinyangwa kwa sura ya PlayStation ya Sony hadi kifuniko cha kuwekea diski, na mtoto akikifunua, chini yake hakuna diski bali tundu la kaseti ya mwaka 1983. Nafikiria siku ya sikukuu na sura ya mtoto huyo. Dendy haikumfanyia mtoto wa Kirusi hivyo. Ilimpa kitu kizima na jina lake.

Nintendo iliacha kuitengeneza Famicom mwaka 2003, na hataza za mashine ile zimekwisha muda wake. Kilichobaki chini ya ulinzi ni michezo na alama za biashara. Ndipo mwaka 2016 kampuni yenyewe ikatoa toleo dogo la ukumbusho lenye michezo 30, zuri kwa kulitazama, likagombaniwa madukani. Walioifungua mashine hiyo walikuta ndani yake chipu ya kampuni ya Kichina ya Allwinner, aina ya zile zinazotumika katika vifaa vidogo vya kisasa, ikiendesha programu ya Linux inayojifanya kuwa Famicom. Hamna hata chembe ya chipu ya Ricoh. Ukiiweka meza moja na Dendy ya 1992, ile yenye idhini ndiyo iliyo mbali zaidi na asili kwa mwili wake, na ile isiyo na idhini ndiyo iliyo karibu. Haukupita muda soko likajaa masanduku yanayoiga umbo la hilo toleo la ukumbusho, yakidai michezo 620, na ndani yake kuna lile tone jeusi la utomvu, mzao wa chipu za UMC. Nakala ya umbo la nakala, yenye roho iliyo karibu na ya kwanza. Sijui malenga gani angethubutu kubuni kisa kama hicho.

Kuhusu sauti, jambo limepata ufumbuzi ambao mahakama isingeweza kuutoa. Wapo watu, wengi wao wakijitolea bila ya malipo, wanaoandika programu za kuigiza mashine za kale ndani ya kompyuta ili zisipotee, na fahari yao ni usahihi: kila wimbi, kila picha, kama ilivyokuwa Japani. Mbili zinazoheshimika ni FCEUX na Mesen. Fungua mahali pa kuchagulia aina ya mashine, utaona Japani na Marekani, utaona Ulaya, na chini yake utaona Dendy, imesimama kama mashine kamili yenye mizani yake. Nenda kwenye sauti, utakuta kisanduku kidogo cha kutia alama, kazi yake ni kubadilisha robo kwa nusu na nusu kwa robo. Kwa kawaida kimeachwa kitupu. Anayetaka kuusikia muziki kama ulivyosikika Novosibirsk hukitia alama.